Mpeni mtoto ramani ya mwalo wake

Wiki hii mmeuliza: "Je, elimu ya afya iwe somo la pekee katika shule za msingi?" Nimelisoma swali hilo nikiwa Kirumba, Mwanza, nasubiri mzigo wa dagaa kutoka Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, nikashindwa kuliacha. Jibu langu la haraka ni hapana. Watoto wana masomo ya kutosha. Linaloniuma ni jingine: kwa nini mtoto anafundishwa jina la ugonjwa asifundishwe mahali unapokaa?

Chukueni Homa ya Bonde la Ufa. Jina lake tu ni kipindi cha Jiografia. Bonde hilo tulilichora, tukalipaka rangi, tukataja maziwa yake yote. Hakuna aliyetuambia kwamba mvua zikipita kiasi, kama zile za El Nino za 1997 na 1998, mbu huzaliana kwa wingi, mifugo hutupa mimba, na anayemchinja mnyama mgonjwa anaweza kuondoka na homa hiyo. Au mtoto wa Arusha: anajua Meru ni mlima wa volkano, na anaziba mdomo kwa kiganja akicheka kwa sababu meno yake yana rangi ya kahawia. Nani amemwambia kwamba floridi, madini yanayoyapa meno rangi hiyo, iliyomo kwenye maji anayokunywa inatokana na miamba ileile ya volkano anayoikariri?

Mimi niliambiwa, mara moja tu, ndiyo maana naandika.

Ilikuwa mwaka 1996, darasa la sita, kijijini kwetu Ukerewe. Habari za kichocho tulikuwa nazo kwenye daftari la Sayansi: usioge ziwani, usijisaidie karibu na maji, tumia choo. Tulinakili, kengele ikagongwa, tukakimbilia ziwani kuoga. Tungeoga wapi? Kisha siku moja mwalimu wa Jiografia akaja na mabuti ya mpira na chujio alilolitengeneza kwa waya na kipande cha chandarua, akasema leo tunachora ramani ya mwalo wetu, ule ufuko wa mitumbwi. Kipimio: sentimeta 1 kwa hatua 20. Tulihesabu hatua kwa sauti, kundi zima, hadi wavuvi wakaacha nyavu wakatutazama.

Tulichora mwamba upande wa magharibi, pale mawimbi yanapopiga. Tukachora mahali mitumbwi inapofunga, kichanja cha dagaa, njia ya ng'ombe, vyoo (vilikuwa vitatu kwa mwalo wote), na ile ghuba ndogo yenye matete ambako maji yametulia. Akatukataza kukanyaga maji. Aliingia yeye na mabuti yake, akachota kwenye matete, akamwaga juu ya jani la mgomba. Konokono. Wadogo, bapa, kila mmoja kama kamba ya mtumbwi iliyoviringishwa ikawekwa chini. Tulihesabu 31. Tukaenda kwenye mwamba, akachota mara tatu, hatukupata hata mmoja. Akatueleza kwamba konokono huyu hapendi mawimbi, anapenda majani na maji yaliyotulia. Kwamba mayai ya kichocho hutoka na choo cha mtu, yakifika majini yanaangua, na kidudu kinachotoka humtafuta konokono. Kwamba baada ya wiki kadhaa konokono huachia vidudu vingine, hasa jua likiwa kali, navyo hupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu.

Halafu akatuambia kila mmoja aweke msalaba mahali anapooga au anapofulia mama yake. Tulikuwa 40 na zaidi. Karibu misalaba yote ilirundikana kwenye matete. Mdogo wangu alikuwa anapata choo chenye damu, tumbo limemjaa, na nyumbani tulikuwa tunasema ni minyoo ya maembe. Niliushika ule mkono wangu wenye penseli nikauona unatetemeka.

Jioni nikamwonyesha mama. Nikamwambia, "Mama, tusifulie tena pale kwenye matete." Aliitazama ile karatasi muda mrefu, akaweka kidole kwenye mwamba. "Hapa pana utelezi na mawimbi. Nikifulia hapa na mtoto mgongoni, nani atatutoa tukianguka?" Sikuwa na jibu. Mwalimu hakuwa ametufundisha hilo.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema ramani inatosha. Haitoshi. Haichimbi kisima wala haileti dawa. Mdogo wangu alipona kwa vidonge vya prazikwanteli kutoka zahanati, si kwa penseli yangu. Lakini orodha ya makatazo ilimfanya mama awe mkosaji, na ramani ilimfanya aulize swali. Siku chache baadaye alimrudia mwalimu mwenyewe, akamuuliza afanyeje. Akaambiwa achote maji, ayaweke kwenye pipa yakae siku mbili bila konokono ndani yake, vile vidudu vitakuwa vimekufa, na akilazimika kwenda ziwani basi aende alfajiri kabla jua halijawaka, hatari hupungua ingawa haiishi. Pipa lile lilisimama nyuma ya jiko letu mpaka nilipoondoka kijijini.

Sasa mnisamehe, maana najipinga mwenyewe. Mwaka uliofuata mwalimu yule alihamishwa. Ramani iliyokuwa ubaoni ikafutwa, darasa lililotufuata likakariri mito ya Amerika ya Kusini, na wadogo zetu wakaoga kwenye matete kama kawaida. Hakuna aliyemzuia mwalimu mpya kufanya vile. Ila hakuna aliyemdai. Jambo zuri lililomo ndani ya somo la mwingine hutegemea moyo wa mtu mmoja, na mtu huyo akipanda meli ya Mwanza linaondoka naye.

Kwa hiyo kura yangu, nikiipiga leo, ni ndiyo: kiwepo kipindi chake kwenye ratiba na kwenye mtihani, lakini kifundishwe kwa miguu, na mwalimu wa Jiografia awemo. Kama kitakuwa cha kunakili "tumia choo", bora kisiwepo. Na jambo moja la tahadhari, kwa sababu lilitupata: mtoto mmoja aliandika kwenye ramani jina la familia isiyokuwa na choo, na wazazi hawakusalimiana miezi mingi. Vyoo vichorwe vilipo na visipokuwepo, majina ya wenye nyumba yasiandikwe.