Mwache akuuzie vitambaa

Juzi mama mmoja aliniandikia kwamba mwanawe wa miaka 3 amekataliwa shule ya awali kwa kuwa hajui kuandika jina lake. Anauliza amtafutie mwalimu wa tuisheni?

Nilikosa usingizi, maana hata sisi yalitukuta. Mwanangu alipewa penseli akiwa na umri huohuo, akachora duara, tukaambiwa "huyu bado sana." Mpaka leo nikipita kwenye geti lile roho inaniuma. Sasa yuko darasa la pili, na wiki iliyopita mwalimu wake kanipigia simu kumsifia kusoma. Najivunia, sifichi.

Mimi ni fundi cherehani, Morogoro. Mchana wateja wakipungua tulicheza duka. Anakusanya mabaki ya vitambaa, kitenge kwa kitenge, satini kwa satini, halafu ananiuzia. "Mia tano." Ghali, punguza. "Haya, mia mbili." Nikinyamaza anaanza kunibembeleza: "Hiki hakichuji, mama, kishike uone!" Hapo kuna hesabu, kuna lugha, kuna subira, na hakuna aliyemshikia fimbo.

Jioni saa 12 anaoga, saa 1 tunakula, kisha hadithi na kulala. Umeme ukatike, wageni waje, ni hivyohivyo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 3 au 4 apate usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, na runinga au simu isizidi saa 1. La simu wazazi wengi wanalijua, la usingizi hawalitaji kabisa.

Kati ya 1954 na 1955, mtafiti Mary Ainsworth alifuatilia watoto wachanga wa familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala. Waliotambaa mbali kuchungulia vitu bila kulialia walikuwa wale wenye uhakika na mama zao, na mama hao waliweza kumweleza tabia za mtoto moja baada ya nyingine. Huku kwetu Afrika Mashariki, jamani, si Ulaya!

Kwa hiyo dada yangu, tuisheni achana nayo. Cheza naye, msikilize, mjue. Kama anashinda na dada wa kazi, mlipe huyo dada vizuri na kwa wakati ili akae. Wazazi wenzangu, tunabadilisha wasichana kila baada ya miezi miwili, halafu tunashangaa mtoto analia usiku.