Usimngoje baba arudi kutoka operesheni ndipo umwandikishe mtoto

Mdogo wangu, umeuliza kama umfuate mume wako anayehamishiwa Kivu ilhali una mimba ya miezi sita, ukauliza namna ya kuwalea wavulana wawili wadogo ambao kutwa nzima wanacheza vita kwa bunduki za mabua, ukauliza tena kama ni heri kubaki kambini hapa Lubumbashi au kuhamia kwa mama mkwe. Halafu mwishoni kabisa, kana kwamba ni jambo dogo, ukaandika kwamba mtoto atakayezaliwa ataandikishwa na baba yake atakaporudi, kwa sababu wenzako wamekuambia kuwa cheti cha matalinite, yaani karatasi unayopewa wodi ya wazazi ukijifungua, kinatosha kwa sasa. Hakitoshi. Nimeacha sufuria jikoni nije nikuandikie hilo, kwa maana maneno hayohayo niliambiwa mimi, nikayaamini, na aliyelipa gharama yake ni mwanangu wa pili.

Mume wangu alikuwa askari wa FARDC, jeshi la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa baba yake akiwa nyumbani, akaenda mwenyewe komini, yaani ofisi ya manispaa, na mambo yakaisha. Wa pili alizaliwa baba yake akiwa operesheni Kivu ya Kaskazini. Nilipotoka matalinite, mke wa mkubwa mmoja wa kambi, mama tuliyemheshimu sote kwa kuwa alitutangulia katika maisha haya, aliniambia kwamba mtoto wa askari huandikishwa na baba yake, na kwamba mwanamke akienda peke yake mtoto ataandikwa kama asiye na baba. Nikaenda kwa karani wa kikosi ili nipate uhakika. Yeye naye akanijibu bila hata kuinua macho kwamba nilete nakala ya cheti cha matalinite, itawekwa kwenye faili la mume wangu, na mengine yatafanyika akirudi. Yule mama ninaweza kumsamehe, kwa kuwa alisema alichoambiwa na waliomtangulia. Karani simsamehei. Kazi yake ilikuwa ni karatasi, alilipwa kwa ajili ya karatasi, na mbele yake alikaa mzazi mwenye kichanga mgongoni akiuliza swali ambalo jibu lake limeandikwa katika sheria ya nchi.

Jibu lenyewe ni hili. Akti, yaani hati rasmi ya kuzaliwa, haitolewi na hospitali wala na jeshi, bali na afisa wa etasivili, anayeandikisha vizazi, ndoa na vifo kwenye komini. Cheti cha matalinite ni ushahidi tu unaompelekea afisa huyo ili aandike kwenye daftari. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inatoa siku 90 tangu mtoto azaliwe, na ndani ya siku hizo baba anaweza kutangaza kuzaliwa kwake, na mama vilevile anaweza. Hakuna mahali sheria hiyo inapomwambia mke wa askari angoje operesheni imalizike. Tena mama aliyeolewa kwa ndoa iliyoandikishwa hana haja ya kumleta mume ili mtoto apate baba, kwa sababu mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa, au ndani ya siku 300 baada ya ndoa kuvunjika, baba yake kisheria ni mume wa mama yake. Kwa hiyo tishio la kwamba mwanangu angeandikwa bila baba lilikuwa uongo mtupu, na uongo huo ndio ulionifunga miguu mpaka siku 90 zikapita.

Mume wangu hakurudi. Sitaeleza habari ya kifo chake hapa. Nilipokwenda kufuatilia haki za mjane na yatima, faili likafunguliwa mbele yangu, na ndani yake alikuwemo mtoto mmoja. Nikatoa cheti cha matalinite cha wa pili. Ofisa akakisoma, akachukua kadi ya utumishi ya marehemu, akaviweka viwili hivyo sambamba mezani na kunionyesha kwa ncha ya kalamu. Usiku ule wa kujifungua mkunga aliniuliza jina la baba, nami nilimtajia jina ambalo kambi nzima ilimwita. Kwenye kadi, jina hilo lilikuwa la mwisho wala si la kwanza, postnom, lile jina linalofuata jina la kwanza kwenye karatasi zetu, haikuwemo kabisa kwenye cheti, na mahali ambapo kadi ina herufi «Tsh» mkunga aliandika «Ch» kwa wino ambao mvua iliyopenya kwenye bati letu ilikuwa imeutawanya. Kwa macho ya ofisa yule, hao walikuwa wanaume wawili tofauti.

Siku 90 zikishapita, afisa wa komini hawezi tena kuandika kwa ombi lako tu. Inabidi kupeleka ombi kwenye mahakama ya watoto, kuleta mashahidi, kupata hukumu inayoshika nafasi ya tangazo ambalo halikufanyika kwa wakati, kisha kungoja ithibitike kwamba hukumu hiyo haikukatiwa rufaa, ndipo komini iiandike kwenye daftari na kutoa akti. Kila mlango una karatasi yake, na kila karatasi ina bei yake, wakati ndani ya siku 90 sheria haikudai hata faranga moja kwa kuandikisha.

Lakini fedha si kitu ukilinganisha na mashahidi. Fikiria maisha yetu yalivyo. Jirani aliyenishika mkono usiku ule alikuwa mke wa askari, na mumewe akahamishwa, akamfuata na watoto wote. Mkunga alipelekwa kituo kingine. Mwanamke wa mtaani anaweza kurudi baada ya miaka mingi akamkuta jirani yuleyule kwenye uzio uleule, lakini kambi hubadilisha watu kila kikosi kinapoondoka, kwa hiyo ukichelewa kuandikisha unabaki na mtoto ambaye hakuna aliye karibu anayeweza kuapa kwamba alimwona akizaliwa. Hili ndilo ambalo wale wanaokushauri ungoje hawalifikirii.

Kuna na jambo jingine, ambalo ninaliandika kwa uchungu. Baada ya matanga, shemeji yangu mmoja alisema mbele ya wazee kwamba huyu wa pili alizaliwa kaka yao hayupo, na kwamba hakuna karatasi inayomtaja. Mtoto mwenyewe alikuwa hapo, ana paji la uso la baba yake na mwendo wa baba yake, mtoto anayempigia saluti hata padri mlangoni pa kanisa. Kilichofunga mdomo wa shemeji ni akti ya ndoa, ambayo mume wangu alisisitiza tuipate komini mara tu baada ya kutoa mahari, ingawa wengi kambini waliona ni kupoteza muda. Bila akti ile, hata mahakama ingekuwa na mlima mrefu zaidi wa kupanda. Sheria yetu inawaweka watoto mbele katika urithi, wanapata robo tatu ya mali, lakini kwanza lazima mtoto ajulikane kuwa ni mtoto.

Na usidhani kwamba mambo haya yanawahusu wajane peke yao. Tangu mwaka 2019 shule za msingi za serikali hazilipishi masomo, na sote tulifurahi, lakini siku ya kuandikisha darasa la kwanza mkurugenzi aliomba akti. Ya mkubwa ilipokelewa. Cheti cha mdogo kilirudishwa kikiwa kimekunjwa vilevile nilivyokileta, naye alikuwa amesimama kando yangu akitazama.

Basi nisikilize. Mume wako bado yuko nyumbani. Kabla hajapanda ndege, nendeni wote wawili komini. Kama ndoa yenu ni ya kimila tu, iandikisheni sasa, tumbo lionekane lisionekane, wala msione haya. Chukueni nakala ya kadi yake ya utumishi, na jina lake lote, yaani jina, postnom na prénom (jina la ubatizo), mliandike kwa herufi kubwa kwenye jalada la kadi yako ya CPN, ile ya kliniki ya wajawazito, herufi kwa herufi kama lilivyo jeshini. Siku ya kujifungua hutakuwa na akili ya kukumbuka tahajia, kwa hiyo mwonyeshe mkunga jalada hilo, na kabla hujatoka matalinite soma cheti mwenyewe, au mpe dada yako akusomee, na kama kuna herufi iliyokosewa usiondoke mpaka waandike upya. Wale wavulana wawili nao, kama hawana akti, baba yao yupo na mashahidi wapo: anzeni leo ile safari ya mahakamani ambayo mimi niliifanya nikiwa na kitambaa cheusi kichwani. Na mume akuachie barua ya uwakilishi iliyosainiwa, maana kuna maofisa watakaokudai jina la mwanaume hata mahali ambapo sheria haikudai.

Kuhusu kumfuata Kivu, mimi ninasema usimfuate na tumbo hilo. Hospitali inayokujua, yenye kadi yako na damu yako iliyokwisha kupimwa, ina thamani kuliko kukaa wiki chache na mume ambaye hata hivyo atakuwa mstarini. Endelea na CPN bila kuruka miadi, meza vidonge vya damu, meza Fansidar, dawa ya kukinga malaria, mbele ya muuguzi kila unapopewa, kwani kuanzia mwezi wa nne inahitajika angalau mara tatu kwa kuachana mwezi mmoja, na lala ndani ya chandarua pamoja na wavulana wako. Kichwa kikikuuma sana, macho yakiona ukungu, uso na mikono ikivimba, damu ikitoka, au mtoto akiacha kucheza tumboni, usingoje asubuhi wala ruhusa ya mtu, nenda. Weka mapema fedha za usafiri wa usiku mahali ambapo hata mume hazijui. Mama aliyekufa kwa kungoja gari hawezi kumwandikisha mtu.

Akti ikitoka, itoe nakala zilizothibitishwa, moja uitie kwenye faili la mume kikosini na udai waandike kwenye daftari lao kwamba wameipokea, nyingine umpe mama yako, na ile ya asili ikae ndani ya mfuko wa plastiki, mbali na bati linalovuja. Akitokea mtu wa kukuambia kwamba hayo ni ya raia na kwamba sisi wa kambini tuna utaratibu wetu, mwombe akuonyeshe utaratibu huo ulipoandikwa. Mimi niliomba baadaye, na hakuna aliyenionyesha.

Majina yenu msiyaandike hapa jukwaani. Niambie tu ni komini gani, Kampemba, Katuba, Ruashi au nyingine, na mume anaondoka lini, ili anayejua ofisi ya huko akueleze wanaomba nini mlangoni kabla hamjatoka nyumbani.