Kongamano la kwanza liliniachia deni, la pili liliniuliza swali

Kwa miezi saba mashine ya kusaga karanga ilikaa nyuma ya nyumba yetu hapa Busia, upande wa Uganda, imefunikwa turubai la bluu, na kuku wa jirani wakawa wanataga chini yake. Niliinunua siku kumi na moja baada ya kutoka kwenye kongamano la vijana wajasiriamali Kampala. Bei yake shilingi 2,800,000, zaidi ya nusu ikiwa ya kukopa. Ilikuja juu ya lori dogo, majirani wakatoka kutazama, mama akapiga vigelegele. Fundi wa umeme alipofika akasoma kile kibati kilichobandikwa ubavuni mwa mota, akatazama waya zinazoingia nyumbani kwetu, akaniuliza taratibu, "Nani alikuuzia hii?" Mashine ilitaka umeme wa fezi tatu. Sisi tuna fezi moja, ya taa, pasi na redio.

Naanza na hilo kwa sababu makala nyingi kuhusu faida za makongamano zinaandikwa na watu waliotoka ukumbini jana, kitambulisho bado kinaning'inia shingoni. Mimi nimesubiri miaka kadhaa ndipo niandike.

Simlaumu aliyezungumza siku ile. Alijua kazi yake. Alitusimamisha, akatuambia tumgeukie jirani na kumwambia, "Wewe ni bilionea," na sisi tukageuka na kuambiana. Jirani yangu alikuwa kijana wa kufuga kuku kutoka Mityana ambaye asubuhi alikuwa ameniomba nimwazime pesa ya boda. Tukacheka, tukapiga makofi, na nadhani nilitoka pale nimelewa bila kunywa. Ndani ya basi la kurudi nilikuwa nimeshaamua: mimi si mtu wa kusagiwa karanga kwenye mashine ya watu. Sikumwuliza mtu yeyote swali hata moja.

Ndiyo maana siku hizi kijana akiniuliza, namwambia hivi: ukitoka kongamanoni usinunue kitu wala usikope mpaka arobaini ipite. Mwizi tunampa siku arobaini, kwa nini wazo tusilipe? Likibaki na nguvu siku ya arobaini na moja, baada ya mvua, msiba na karo ya wadogo zako, basi lifanyie kazi. Mashine ile niliiuza kwa 1,900,000. Tofauti ndiyo ada niliyolipa.

Kongamano la pili nililikubali miaka miwili baadaye, na nitasema ukweli, nilifuata bahasha ya nauli. Wote tunaoenda makongamano Uganda tunaijua ile bahasha. Unasaini karatasi mchana wa siku ya mwisho, unarudishiwa nauli, na ukipanda gari la bei nafuu unabaki na kitu. Nikabeba makopo kumi na mawili ya siagi ya karanga ndani ya sanduku la biskuti, nikapita Bugiri, Iganga, daraja la Jinja, Mabira, nikanunua gonja, ile ndizi mbivu ya kuchoma, pale Namawojjolo kama kila mtu, nikaingia Kampala.

Hotuba za siku hiyo sizikumbuki. Nakumbuka foleni ya chakula. Mbele yangu alisimama dada mmoja muuza asali kutoka Arua, kanga begani, amechoka na Kiingereza cha asubuhi nzima kama nilivyochoka mimi. Akanisikia nikizungumza na simu kwa Kiswahili, akageuka. Kiswahili cha Arua na cha Busia havifanani sana, lakini njaa ni moja. Akachukua kopo langu, akaligeuza chini juu, akafungua, akanusa.

"Kopo hili linakugharimu shilingi ngapi?"

"Nauza elfu sita, dada. Kwa maduka elfu tano."

"Sikukuuliza unauza ngapi, mdogo wangu."

Nikacheka ili nipate muda. Sikuwa na jibu. Miaka miwili ya biashara, kitambulisho shingoni kimeandikwa "Mjasiriamali", na sijui kopo langu linanigharimu nini. Tulikaa na sahani zetu za matoke, akageuza ratiba ya kongamano upande wa nyuma, akaazima kalamu, akaniambia nitaje kila kitu hata kama ni shilingi hamsini.

Karanga wakati huo nilinunua 6,500 kwa kilo. Nilikuwa nimezoea kuhesabu kwamba kilo ni gramu 1,000, kopo ni gramu 400, kwa hiyo kilo inatoa makopo mawili na nusu. Akaniuliza kama nimewahi kupima. Hapana. Basi ukichambua mbovu, ukikaanga maji yakatoka, ukipepeta maganda, na ile inayobaki imeng'ang'ania tumboni mwa mashine ya watu, unatoka na gramu mia nane na kitu. Makopo mawili, basi. Karanga 3,250 kwa kopo. Kopo lenyewe na kifuniko 900. Lebo 300. Makaa 200. Kusagisha 400. Chumvi na sukari 50. Usafiri 300. Akapiga mstari: 5,400. Na hapo jasho langu halijawekwa, wala la mdogo wangu anayechambua karanga kila Jumamosi kwa malipo ya soda.

Kila kopo nililopeleka dukani kwa 5,000 nililisindikiza na shilingi 400 zangu. Na mimi nilikuwa najisifu kwamba maduka matano yanachukua mzigo wangu! Kadiri nilivyouza zaidi ndivyo nilivyopoteza zaidi, na pengo nililiziba kwa makopo machache ya rejareja na kwa pesa ya mama, ambayo nilikuwa naiita "mtaji".

Niliporudi nikapandisha bei ya maduka kuwa 6,500 na rejareja 7,500. Maduka mawili yalinirudishia makopo siku hiyo hiyo. Matatu yalilalamika yakabaki. Nililia, sitaficha, lakini mwezi uliofuata kwa mara ya kwanza sikumwomba mama pesa ya karanga.

Kwa hiyo ukiniuliza kongamano lina faida gani, naona faida iko foleni ya chakula kuliko jukwaani. Jukwaani wanawekwa waliofika mbali sana, na mtu aliyefika mbali ameshasahau bei ya lebo. Tafuta aliyekuzidi hatua mbili au tatu. Anayeuza makopo mia tano kwa mwezi atakusaidia kuliko mwenye kiwanda. Na bidhaa yako iwe mkononi, isiwe picha ndani ya simu, maana yule dada asingeninusia picha.

Pembeni mwa ukumbi kulikuwa na zile meza ambazo watu huzipita wakikimbilia kupiga picha na bango. Usizipite. Kwenye meza ya mamlaka ya mapato niligundua kwamba namba ya mlipa kodi, TIN, haitozwi hata shilingi. Mimi nilishamlipa kishoka 50,000 kwa namba hiyo hiyo. Nikameza mate, nikaenda meza iliyofuata, ya viwango.

Hapo lazima nikurudishe nyuma kidogo. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu ambayo wataalamu wanaiita aflatoksini. Sisi wa Busia hatukuhitaji gazeti. Malori yalikuwa mbele ya macho yetu, madereva wamefunga vyandarua chini ya trela. Neno sumukuvu lilikuwa mdomoni mwa kila mtu mjini, na mimi nikalisikia kama habari ya watu wa mahindi. Ilibidi niende Kampala nikae mbele ya kijana wa shirika la viwango, aniambie kwamba karanga nazo ziko mstari wa mbele kwa sumu hiyo, kwamba kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, na kwamba kuikaanga karanga hakuiondoi yote. Kazi inafanyika kabla ya moto: kununua karanga iliyokauka vizuri, kuianika juu ya turubai na si juu ya udongo, kuweka magunia juu ya mbao yasiguse sakafu, na kutupa kila iliyosinyaa, iliyovunjika au yenye ukungu. Nilikuwa natupa zenye ukungu tu. Zilizosinyaa nilizisaga, kwani nani anaziona ndani ya siagi?

Siku hizi mdogo wangu anachambua kwenye ungo mweupe karibu na dirisha, na analipwa kwa kilo. Tunatupa zaidi ya zamani. Kopo limepanda gharama, na sasa naijua gharama yenyewe. Turubai la kuanikia, kama unataka kujua, ni lile la bluu la mashine.

Meza ya mwisho ndiyo iliyonichekesha kwa uchungu. Kulikuwa na mama mmoja anaeleza utaratibu rahisi wa biashara ndogo za kuvuka mpaka ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hupata cheti rahisi cha asili palepale mpakani na hazilipishwi ushuru wa forodha. Ukaguzi wa ubora uko palepale. Mimi nimekulia Busia. Kituo cha pamoja cha mpaka kilizinduliwa 2018 na marais wawili, barabara ikafungwa, tukapanda juu ya paa kuwaona. Na makopo yangu ya upande wa Kenya nilikuwa nayapitisha njia za panya, nampa mama wa baiskeli chake, nikiamini ofisi ni ya wenye malori. Nimesafiri karibu kilomita 200 kwenda kuambiwa kilicho mwendo wa dakika kumi kutoka jikoni kwetu. Kabla hujaomba ruhusa kazini au kufunga kibanda uende Kampala, hebu kwanza ingia ofisi za mjini kwako uulize. Huenda kongamano lako liko hapo.

Kuna jingine kuhusu lugha. Baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Uganda mwaka 2022, lakini makongamano yetu bado ni Kiingereza jukwaani na Luganda kwenye utani. Sisi wa mipakani tunakaa kimya tukiogopa kuchekwa. Usikae kimya. Uliza kwa lugha unayohesabia pesa. Mara ya pili niliuliza kwa Kiswahili kwenye kipaza sauti, ukumbi ukacheka kidogo, msimamizi akatafsiri, na baada ya hapo watu wanne walinifuata nje, wote wanataka kuuza upande wa pili.

Kuhusu namba za simu: nilirudi na ishirini na tatu. Kundi la WhatsApp lilidumu hai wiki mbili, kisha likawa la maombi, matangazo ya mikopo na picha za keki. Namba zilizobaki na uhai ni tatu, zile tatu nilizozipigia wiki ile ile nikiwa na jambo mahususi. Dada wa Arua nilimtumia picha ya hesabu mpya. Alijibu, "Umesahau mifuko ya kubebea." Kweli nilisahau.

Na ukienda kutafuta mtaji, utarudi mikono mitupu. Sijaona pesa ikigawiwa ukumbini zaidi ya nauli. Anayekuambia ulipe kitu kwanza ili ufunguliwe mkopo, mkimbie, hata kama amevaa tai. Pesa ya serikali iko karibu zaidi na kwenu. Mpango wa maendeleo wa parishi uliozinduliwa Kibuku Februari 2022 unapitia SACCO, yaani chama cha akiba na mikopo, ya parishi (parishi ya serikali, si ya kanisa), hadi shilingi milioni moja kwa kaya, na unalenga kaya ambazo bado zinalima za kula tu. Anzia kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, ukiwa na hesabu yako mkononi.

Wakati mwingine nawaza vijana wa hapa Busia wa miaka ya sitini, waliokuwa wakipakia watu kwenye baiskeli kuwavusha kutoka kituo cha mpaka hadi kingine, wakiita "boda, boda!" yaani mpakani, mpakani. Leo Afrika Mashariki nzima inapanda walichoanzisha. Sidhani kama kuna aliyewaalika kongamano. Waliona mtu amechoka kutembea na mzigo, wakajua pampu na kiraka vinagharimu nini.

Wiki iliyopita kijana anayekaanga rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, karibu na stendi alinionyesha tangazo la kongamano kwenye simu, kiingilio 150,000, akataka nimshauri. Nikamwuliza rolex moja inamgharimu shilingi ngapi. Akaanza haraka: mayai mawili, unga, nyanya, kitunguu, kabichi. Alipofika kwenye mafuta ya kupikia akasita, akatazama lile galoni la njano, akatazama makaa, akaniambia nisubiri kwanza amhudumie mteja.