Kabla hujamjibu mama mkwe

Msomaji kaniandikia: mtoto ana miezi saba, usingizi ni wa vipande vipande, na mama mkwe ameshaanza kuuliza mdogo wake anakuja lini. "Je, bado mapema?"

Mapema sana. Shirika la Afya Duniani linashauri ipite miezi 24 tangu kujifungua ndipo mtafute mimba nyingine. Kwa aliyejifungua kwa upasuaji sababu ni kubwa zaidi: mimba ikiingia haraka, kovu la mfuko wa uzazi linaweza kuachia wakati wa uchungu.

Ila wengi hawaamui, wanashtukia tu. Kunyonyesha kunakinga pale masharti matatu yanapotimia kwa pamoja: mtoto hajafika miezi sita, ananyonya tu, usiku na mchana, na wewe hujaona siku zako. Uji ukianza, usiitegemee tena kinga hiyo. Wala usingoje damu ikujulishe, kwa sababu yai linaweza kutoka kabla yake. Ndiyo maana wapo wanaoshika mimba juu ya mimba bila kuona siku hata mara moja.

Njia ya uzazi wa mpango ipime kwa kalenda yako. Ukiacha sindano ya miezi mitatu, uwezo wa kushika mimba unaweza kuchelewa hata miezi kumi. Kijiti na kitanzi vikitolewa, uwezo unarudi upesi. Vidonge vyenye homoni mbili viache mpaka mtoto atimize miezi sita. Vinaweza kupunguza maziwa. Uliza hayo siku ileile unayompeleka mtoto kliniki, usifunge safari mbili.

Na hili la kubemenda, jamani. Mtoto hadhoofiki kwa sababu wazazi wamelala pamoja. Anadhoofika mama akishika mimba, ziwa likakatwa ghafla, na kikombeni ukabaki uji mwepesi wa sembe tupu. Uji uwe mzito, usidondoke kijiko kikiinamishwa, na utiwe karanga zilizosagwa au unga wa dagaa.

Kuna na kichwa chako. Machozi ya siku ya tatu, ya nne, ni ya kawaida. Yakizidi wiki mbili, au mtoto kalala fofofo na wewe umekodolea macho dari, nenda kituo cha afya. Ukiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, nenda leo, usiende peke yako. Anayesema ni mapepo abaki nyumbani aoshe vyombo.

Kwa walioajiriwa Tanzania Bara, sheria ya ajira ya 2004 inatoa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo ndani ya mzunguko wa miezi 36, na mzunguko huo huhesabiwa tangu ulipoanza kazi, si tangu ulipojifungua. Muulize afisa utumishi wako unaisha tarehe ngapi. Baada ya hapo ndipo umpigie mama mkwe.