Maswali Yenu: Biti ya Singeli Inaanzia Wapi?

Haya wapendwa, toka niseme toleo lililopita kwamba natengeneza singeli, ule muziki wetu wa mbio wa Dar, chumbani kwangu Manzese na studio sina, maswali yamemiminika. Nimechukua yale ambayo wengi mmeyarudia.

Kaka, biti zako unaanza na ngoma au kinanda? Na mawazo unayatoa wapi, maana mimi nikifungua programu nakaa tu naangalia kioo. (Msomaji, Mbagala)

Mdogo wangu, mimi sianzi na ngoma wala kinanda, naanza na kitu nimekisikia. Nimekulia nyumba ya kupanga, na mtaa wetu wiki haikatiki bila kigodoro, yaani ule mkesha wa kina mama wakati wa harusi, spika zimepangwa barabarani mpaka watu wanaamka kwenda kazini bado linarindima. Sisi watoto tulikuwa tunafungiwa ndani, kwa hiyo kigodoro mimi nilikijua kupitia ukutani: maneno huyapati, kinanda hukipati, unapata besi na vigelegele basi. DJ alikuwa anachukua kile kipande cha taarabu ambacho mwimbaji amenyamaza vimebaki vyombo peke yake, anakizungusha, anakikimbiza, MC anashika maiki anaanza kutaja majina ya watu wa mtaani, na huko ndiko singeli ilikotoka, huko pamoja na kwenye mchiriku, ule wa Wazaramo na vinanda vyao vidogo vya Casio. Mpaka leo nikimaliza kupanga besi natoka nje, nafunga mlango, nasikiliza kupitia ukuta. Isiponishika pale naifuta, hata kama kwenye hedifoni ilikuwa tamu.

Halafu kuna cherehani. Mama yangu ni fundi nguo, anashonea barazani, na cherehani ya miguu haiendi sawasawa kama mashine ya kiwandani, kwenye mshono mrefu inakimbia, ikikaribia kona inapungua, inasimama, anageuza kitambaa, inaondoka tena. Nimeisikia maisha yangu yote na sikuwahi kuisikiliza. Siku moja nikairekodi kwa simu kama dakika tatu, nikakata pale pale kwenye kona, tatatata ta ta, kimya, tatatata, nikaiwekea ngoma ya chini kwenye mapigo 220 kwa dakika, na kile kimya ndicho kilichobeba biti nzima. Watu wananiuliza ile sehemu inayokata pumzi nimeitoa wapi. Nimeitoa kwenye kona ya gauni la mteja.

Kwa hiyo wewe usifungue programu kwanza. Tembea na simu siku tatu, rekodi kondakta anavyogonga bodi ya daladala, rekodi muuza kahawa anavyogonganisha vikombe vyake, rekodi watoto wanaoruka kamba wanavyohesabu. Ukikaa mbele ya kioo utakuwa na kitu cha kukata.

Naipenda singeli ila mama anasema ni kelele za watu kukimbizana. Kwa nini lazima iende mbio hivyo? (Msomaji, Tanga)

Dada, mfikishie mama shikamoo yangu, kisha mwambie siku moja asisikilize ngoma, aangalie viuno vya wachezaji. Singeli nyingi ziko kati ya mapigo 200 na 300 kwa dakika. Sasa chukua 240, hapo kila pigo ni robo sekunde, mapigo manne ni sekunde moja kamili. Si rahisi binadamu kukata kiuno mara 240 kwa dakika! Kiuno kinafuata nusu yake, 120, na hiyo ni mwendo wa kawaida kabisa, mabega na miguu ndio vinakimbia. Yaani ndani ya ile mbio kuna taratibu imekaa, na kazi ya prodyuza ni kuilinda. Besi iwe fupi, mwangwi uwe mfupi, maana ukiweka mwangwi wa sekunde mbili kwenye 240 unafunika mapigo manane yanayofuata, na hapo inakuwa kelele kweli, tena niseme ukweli, mama hajakosea kwa biti nyingi zinazopigwa mtaani siku hizi.

Hii kitu ilinikaa vizuri nilipoanza kusikiliza footwork, muziki wa kuchezea miguu wa Chicago kule Marekani, hasa wa marehemu DJ Rashad. Wale wako kwenye 160 hivi, miguu inawaka moto na besi inatembea nusu ya hapo bila haraka. Mara ya kwanza kumsikia nilikaa kimya nikairudia mpaka chaji ikaisha, nikasema hawa ni ndugu zetu.

Sasa, niko na laptop ya kitambo, RAM 4, na hedifoni za simu. Naeza anza ama ningoje nipate pesa ya studio? (Msomaji, Nairobi)

Anza leo. Programu ya kutengenezea muziki ya Fruity Loops inatosha, na laptop ikianza kuchoka geuza kila chombo ulichokimaliza kiwe faili la sauti ndio uendelee, inakuwa nyepesi. Kila usiku nakili kazi kwenye flashi. Ule mkusanyiko wa singeli wa Sounds of Sisso wa 2017 ulitoka studio ya mtaani, Mburahati hapa Dar, ukapelekwa duniani na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na hakuna msikilizaji wa Ulaya aliyeuliza RAM ilikuwa ngapi.

Kuchukua kipande cha taarabu ya zamani na kukikimbiza si wizi? (Wasomaji wanne, mmoja kaandika kwa hasira)

Uliyeandika kwa hasira, nakuelewa. Zamani kwenye vigodoro hakuna aliyeuliza, ilikuwa inapigwa usiku ule na asubuhi imekwisha. Ila ukishaiweka mtandaoni ina jina lako na inaweza kuingiza hela, na sheria ya hakimiliki tuliyo nayo ni ya 1999, wimbo una mwenyewe hata uchukue sekunde nne. Mimi mwenyewe biti yangu iliyokuwa inasikilizwa kuliko zote ilishushwa kwa sababu ya fidla ya sekunde nne, na niliumia, lakini nilipotulia nikajiuliza yule aliyepiga ile fidla kapata nini, jibu nalijua.

Sasa hivi nawatafuta wapigaji wenyewe. Kuna mzee jirani alikuwa anapiga fidla kwenye kikundi cha taarabu, nikamfuata, tukakubaliana malipo kwanza, akapiga kwenye 120 mimi nikaikimbiza mara mbili iingie kwenye 240. Ukikimbiza hivyo bila ujanja wa programu sauti inapanda oktavu nzima, fidla inakuwa kama mtoto analia, na hiyo ndiyo ladha tunayoitaka. Mzee akasikiliza, akakunja uso, akasema mwanangu, umenikata vidole. Nikamuuliza vipi mzee wangu. Akanionyesha, kule kuteleza kwa kidole kutoka sauti moja kwenda nyingine, ambako ndiko uchungu wote wa taarabu ulipo, kumepotea, mbio imekula. Akachukua fidla akapiga upya, safari hii kila mtelezo akauvuta mara mbili ya kawaida, kwa masikio yetu pale chumbani ikawa imepitiliza kama mtu analalamika. Nikaikimbiza. Ikakaa, uchungu wote umo ndani, kwenye 240.

Toka siku hiyo kila Jumamosi baada ya alasiri nipo kwake, na jina lake linakaa mbele ya langu kwenye kila biti aliyopiga.

Aliyeuliza kuhusu maiki kutoka Mwanza, swali lako nimeliona, nitakujibu toleo lijalo.