Barazani kwa Mwalimu: Alilala njaa na mkaa upo

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni babu wa miaka 68, mzaliwa wa Usangi, nimestaafu na ninaishi Mbagala na binti yangu pamoja na mwanawe. Huyu mjukuu ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Majuzi mama yake alikuwa zamu ya usiku, mimi nilikuwa msibani Bagamoyo, dada wa kazi alikuwa ameenda kwao. Gesi ikaisha. Kijana akalala na njaa, na jiko la mkaa liko uani, mkaa nusu gunia, unga umo ndani! Namuuliza, ananijibu, "Babu, sijui kuwasha." Sisi umri huo tulikuwa tunalima, tunachunga, tunapika, na ukimpita mtu mzima bila kumwamkia, kesi inafika nyumbani kabla yako. Leo maadili yamekwisha kabisa. Nataka likizo ya Juni nimpeleke kwa dada yangu kijijini mwezi mzima, akakione cha moto. Mama yake anasema huo ni unyanyasaji. Tuamulie. – Babu wa Mbagala

JIBU: Marahaba, ingawa kwa hesabu yangu mimi na wewe tungeweza kukaa dawati moja. Nami ni wa milima hiyo hiyo ya Upare, kwa hiyo nitakujibu kama mtu wa nyumbani.

Kijana wa miaka 15 kushindwa kuwasha jiko la mkaa ni aibu, hilo nakubali. Ila aibu si yake. Umemtaja dada wa kazi kwa maneno machache, ukapita. Mimi nimesimama hapo hapo. Huyo binti ana miaka mingapi? Kama kawaida ya mji huu, hajampita sana mjukuu wako. Anaamka alfajiri, anawasha jiko, anachemsha chai, anafua sare za shule za kijana wa rika lake. Basi nyumba yako ina watoto wawili: mmoja anafundishwa kujitegemea, mwingine anafundishwa kutegemea, na wote wanafaulu vizuri sana. Usimsingizie simu wala utandawazi.

Sasa huko nyuma. Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha, na shule yetu ya msingi ikajaa majembe. Shamba la mahindi na maharage, bustani ya kabichi, banda la sungura. Ijumaa ilikuwa siku ya kusiliba sakafu kwa samadi, na waliobeba samadi kichwani tulikuwa wasichana. Maji ya nyumba za walimu yalichotwa na nani? Sisi sisi. Wavulana walifyeka uwanja, wakacheza mpira. Ndiyo maana nikisikia mwanamume wa rika letu akisema "tulikuwa tunapika," huwa natabasamu. Labda wewe ulipika. Kaka zangu hawakupika.

Halafu tusidanganyane kuhusu huko kujitegemea. Miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Kagera, nchi nzima ilipanga foleni ya sabuni. Tukafulia majani ya mpapai. Kibiriti kikikosekana, mtoto alipewa kigae akaombe kaa la moto kwa jirani, na alirudi mbio huku anapuliza ili lisizime njiani. Na ile ndiva unaikumbuka? Wasomaji wa pwani huenda hawaijui: ni bwawa dogo la udongo na mawe mlimani, linajaa maji ya kijito usiku kucha, asubuhi linafunguliwa, maji yanashuka kwa mifereji shamba hadi shamba kwa zamu. Tope likizidi, au ukuta ukipasuka, baragumu lililia jioni, na kesho yake ni msaragambo, kila nyumba itoe mtu na jembe lake. Asiyefika alitozwa. Hakuna aliyemwagilia maharage yake kwa maji yake mwenyewe pale. (Nakumbuka pia kwamba zamu za maji zilipangwa na wazee wa kiume, na mama alipewa saa yake aitake asiitake. Hilo silililii.)

Kwa hiyo katika kisa chako mkaa haukunisumbua sana. Kilichonisumbua ni kwamba kijana mwenye njaa hakubisha hodi popote. Usangi ya utoto wetu angeingia nyumba yoyote iliyofuka moshi, angepewa bakuli la makande, na kabla hajameza tonge la mwisho angetumwa kuni. Hapo Mbagala, nyumba ya pili kutoka kwenu anaishi nani? Mjukuu anawajua? Na wewe je? Unalalamika kwamba vijana hawaamkii watu wazima. Atamwamkia vipi mtu ambaye hata babu yake hajawahi kumpigia hodi? Zamani jirani alikuwa na haki ya kumkaripia mwanao. Leo jirani akithubutu, tunamfuata mlangoni tumejifunga kibwebwe. Fimbo zenyewe sizitamani zirudi, nilizionja. Lakini lile jicho la jirani lilifanya kazi ambayo mzazi mmoja aliyeko zamu ya usiku hawezi kuifanya, awe hodari vipi.

Sasa hukumu. Mpeleke Juni, ila nenda naye na ukae naye. Mtoto akipelekwa kijijini kama mfungwa atajifunza kitu kimoja tu: kukichukia kijiji, na pengine kumchukia shangazi wa mama yake aliyefanywa askari magereza bila kuulizwa. Mchukulieni sweta, maana Juni kule ni ukungu na baridi inayopenya mpaka mifupani. Mwambie dada yako asimbebeshe kazi za maonyesho. Ng'ombe wamo zizini wanangoja majani. Akichelewa kukata, maziwa yanapungua, na kila mtu ataona kikombeni kwamba yamepungua. Hiyo inamtosha.

Na afundishwe makande tangu mwanzo. Mahindi yanyunyiziwe maji kidogo, yaingie kinuni, atwange taratibu mpaka ganda liachie. Akitwanga kwa hasira atapata chenga. Apete kwenye ungo pumba ziruke, na hapa wote mtacheka, kwa sababu kupeta kuna mkono wake na siku ya kwanza mahindi huruka pamoja na pumba. Aloweke usiku kucha, kesho ayabandike na maharage, akae na moto wake. Moto wa kuni unataka mtu awepo. Na wewe babu shika mchi zamu yako, tuone kama ni kweli ulikuwa unapika.

Usitegemee kukikuta kijiji ulichokiacha. Dada yako huenda naye ana mtungi wa gesi, na unga unaletwa na bodaboda hadi mlangoni. Msaragambo nao, kwetu wengi siku hizi wanatoa pesa mahali pa jembe.

Mkirudi Mbagala, Jumapili iwe siku ya mapumziko ya dada wa kazi, mapumziko kamili, na jiko ni la mjukuu. Akiunguza, nyumba nzima ile kilichoungua. Ukimwona mama yake anakaanga mayai ya pembeni kwa huruma, umzuie kwa upole. Jumamosi moja mtume kwa jirani akaazime kitu, hata kama mnacho.

SWALI: Mwalimu, mtaani kwetu Tanga tulifiwa na bibi mmoja. Vijana wengi walituma rambirambi kwa simu, hawakuonekana hata siku ya tatu. Wazee wamekasirika, wanataka pesa zao zirudishwe. Ni sawa? – Mama wa Kange

JIBU: Zirudishwe ili iweje, na wali wa msiba ulishaliwa? Pesa hiyo ilinunua mchele, mkaa na turubai, na wengine waliituma kutoka vibaruani ambako ruhusa ya msiba hutolewa ukifiwa na ndugu wa karibu tu. Waacheni hao. Wa kusema naye ni yule anayekaa mtaa huo huo, aliyetuma elfu tano akiwa kitandani kwake huku akisikia vilio dirishani. Huyo msimtolee hotuba. Arobaini inakuja: mpelekeeni ujumbe mapema kwamba sufuria kubwa mbili za kusugua zimeandikwa jina lake, na waya wa kusugulia ataukuta hapo hapo.