Usiniletee Hesabu za Kisumu

Kila kijana anayeingia kwenye kazi hii ya pikipiki za umeme hapa Mwanza huja na hesabu za wenzetu wa Kisumu kwenye simu, za umbali ambao betri moja inafika. Nami nilikuja nazo. Nikapanga vituo vya kubadilishia betri kwa kufuata umbali wao, nikajiona nimemaliza. Wiki ile ile dereva wetu akapakia mishikaki, abiria wawili kwa mpigo, Kirumba kwenda Isamilo, pikipiki ikamzimikia mlimani, akaisukuma mpaka kijiweni kwa wenzake wa petroli. Mnawajua watu wa kijiweni. Mpaka leo jina lake ni Chaji.

Mji wa Kisumu kwa sehemu kubwa ni tambarare. Sisi tunaishi juu ya mawe. Hesabu za Kampala zinatukaribia zaidi, kwa kuwa nao ni watu wa milima, ila hata hizo zipime upya. Betri ya volti 72 na ampea-saa 40 inabeba uniti 2.88, uniti hizi hizi za umeme unazonunua kwa LUKU. Ukiichaji kutoka sifuri, mita itakula zaidi ya hapo, maana chaja nayo inapoteza kwa joto. Andika uniti zilizoingia, kilomita zilizotoka, njia iliyopitwa na idadi ya abiria. Njia ya Igoma iwe na ukurasa wake, Isamilo na wake. Na gharama usinakili kabisa: Kenya ilianzisha bei maalumu ya umeme wa kuchaji vyombo vya usafiri mwaka 2023, kwa hiyo faida yao si faida yako.

Sasa betri zenyewe. Mtaambiwa, "Zote ni volti 72, tutabadilishana tu." Hapana. Ndani ya kasha kuna saketi inayolinda seli, na kwenye pikipiki nyingi saketi hiyo huzungumza na kidhibiti cha mota. Wasipoelewana, betri imejaa na pikipiki haiwaki. Nimesimama mbele ya pikipiki ya namna hiyo asubuhi nzima nikibadilisha fyuzi. Kabla ya kukubaliana na mshirika yeyote ng'ambo ya ziwa, uliza vipimo vya kasha, aina ya plagi na lugha ya saketi. Ukimwona fundi anataka kuruka saketi kwa kuunga waya moja kwa moja, mnyang'anye koleo. Hapo ndipo moto unapoanzia.

Karatasi nilizidharau, zikaniadhibu. Tulipopokea betri za majaribio, mimi mwenyewe niliandika "spea za pikipiki". Mzigo ukalala mpakani siku nne, na afisa alikuwa sahihi. Pikipiki ya umeme iko kwenye namba ya forodha 8711.60, betri ya lithiamu ikija peke yake ni 8507.60, na msafirishaji makini atakudai ripoti ya UN 38.3, yaani majaribio ya kutikiswa, joto na baridi, shoti na mengineyo. Mwombe mtengenezaji ripoti hiyo kabla hujalipa. Ukishalipa, simu zako zitaanza kupokelewa kwa zamu.

Halafu kuna Kiswahili, ambacho tunadhani ni kimoja. Mwenzetu wa Kisumu alituma ujumbe, "Leo hakuna stima, tutachelewa." Mgeni mmoja ofisini, mtoto wa Ukerewe, akajibu kwamba wapande basi hadi Sirari mpakani. Kwa bibi yake stima ni meli. Kwa Mkenya ni umeme. Tulicheka, lakini majaribio ya siku ile yalikuwa yameshaharibika, kwa sababu hatukuelewa kwamba chaja zao zimezimwa katikati. Siku hizi kila ripoti inayovuka ziwa tunaandika saa ambayo chaja imewashwa na saa iliyozimwa, kwa tarakimu.

Daftari langu la Isamilo liko karakana, juu ya kabati la chaja. Kurasa za kiangazi zimejaa. Za masika bado, na mimi goti haliniruhusu tena kupanda kule kwenye utelezi.